Mkazi wa Levina na Kanga ya Bafuni

Mwanangu Levina alizaliwa akihesabu. Mkunga alimpiga kofi matakoni ili alie, yeye akamtazama mkunga usoni na kunyoosha kidole kimoja, kama anayemwambia hiyo ni moja, ya pili usithubutu. Mkunga mwenyewe alishakufa, kwa hiyo hakuna wa kunibishia.

Mimi sikusoma. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Sasa nina miaka mia na moja, na kila Pasaka parokia yetu hapa Ipuli, mjini Tabora, hunipa blanketi la wazee waliopita mia. Nayataja haya mapema kwa sababu yatakuja kuniumiza huko mbele. Kuhusu mashine, mengine nimeyasikia kwa Levina, mengine nimeyaona, na mengine nimeyaweka mwenyewe pale palipobaki nafasi. Ila ile wiki ya mateso niliiona yote, maana nilikuwa nimekaa humo humo ofisini kwake nikimsumbua.

Mashine ililetwa kwa treni na Bruda Anselmi, mtawa mrefu wa ng'ambo, mwaka tisini na tatu. Levina alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, ametoka kujifunza taipu kwenye chumba kimoja cha Kanyenye, na parokia ikamwajiri ukarani. Bruda alitunga mwenyewe programu ya kutunza majina ya waliobatizwa. Hakuwa na wa kuzungumza naye habari za kompyuta mji mzima, kwa hiyo alimfundisha Levina hadi matumbo ya mashine. Wengine walidhani wanapendana. Ningefurahi. Lakini kila nilipochungulia dirishani walikuwa wanabishana juu ya namba.

Levina aliandika vitabu kumi na viwili vya ubatizo, jina kwa jina, miaka mitatu. Kisha akaendelea kuongeza wapya hadi kitabu cha kumi na mbili kilipojaa, mwaka tisini na saba. Majina elfu tisa mia nne na kumi na mawili. La mwisho kabisa lilikuwa la mwanawe wa kwanza.

Hili nitalisema mara moja tu, kwa kuwa yeye halisemi. Alikuwa ameolewa na Justini Manirambona, mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, mtu mpole, Mungu amrehemu. Wakapata binti. Nesi alimbatiza siku ya pili kwa maji ya kikombe, kwa sababu alimwona hali yake. Akaitwa Veridiana Inamahoro. Akaishi siku nane. Hakupigwa picha, cheti hakikutafutwa. Levina alirudi ofisini, akamwandika kitabuni, akamwandika kwenye mashine, namba elfu tisa mia nne na kumi na mbili, na baada ya hapo hakuigusa mashine mwaka mzima. Wenzake wakafungua kitabu cha kumi na tatu kwa kalamu, na hakuna aliyemuuliza.

Bruda akarudi kwao akafia huko. Halafu masika moja mchwa wakaingia kabatini, wakala vitabu vyote kumi na viwili wakaacha majalada, kama mtu anavyokula ndizi. Toka siku hiyo watu wale elfu tisa na zaidi wanaishi ndani ya ile mashine, akiwemo yule wa siku nane.

Haya. Jumatatu ya wiki ninayoisimulia akaja bwana mmoja, Revocatus, mwenye kitambi na kompyuta nyembamba kama sinia. Parokia ilimleta aweke sajili mpya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeoa?"

"Nimeoa, bibi."

"Pole."

Akacheka, akachomeka waya wake kwenye mashine ya Levina, akatazama, akakunja uso. Bruda, ili kubana nafasi, alikuwa ameyashindilia majina kwa namna yake, na ni programu yake tu iliyojua kuyafumua. Kwa Revocatus yalitokea mapembe, misalaba na nyuso za mashetani. Programu yenyewe ilijua mambo mawili: kumwonyesha mtu mmoja mmoja kwenye kioo, au kuchapa kwenye printa. Na printa ilishakufa sindano za chini. Ilichapa vichwa vya herufi bila miguu.

"Mama," Revocatus akamwambia Levina, "sajili naifunga Ijumaa saa sita mchana. Inapigwa muhuri na kupelekwa jimboni. Ukinipa majina kwenye faili kabla ya hapo, yanaingia yote. Usiponipa, tunaanzia kitabu cha kumi na tatu."

"Na hao wa nyuma?"

"Kila mmoja atakayehitaji atakuja na mashahidi wawili."

"Wengine hawawezi kuja," Levina akasema.

"Basi watakuwa hawahitaji."

Hakujua alichokisema, maskini. Levina alikusanya karatasi zake, akazigonga mezani mpaka zikalingana, akasema, "Ijumaa saa sita. Utapata."

Alipoondoka nikamuuliza atafanyaje. Akanieleza, na kwa kuwa alinieleza mara nne kwa hasira inayozidi, nadhani nimeshika.

"Mama, programu ya Bruda haijui kuchapa yenyewe. Kila herufi inayotaka kuchapwa, inaita mtu. Chini kabisa kwenye kumbukumbu ya mashine kuna orodha ya milango, na kila mlango una anwani ya anayehudumia. Inaita mlango wa printa, inakabidhi herufi, inasubiri kuambiwa tayari. Sasa mimi nitaandika programu ndogo ambayo ikishaanza haiondoki. Nyingine zinakuja na kwenda, yenyewe ipo tu, imekaa. Mkazi. Naifuta anwani ya printa pale kwenye orodha, naweka ya mkazi wangu. Herufi zinakuja kwake, anasema tayari, na kumbe anazipeleka kwenye disketi. Programu ya Bruda haitajua tofauti."

"Kumbe ni babu yangu," nikasema.

"Mama, nina kazi."

Lakini ilikuwa ni babu yangu kweli. Babu mzaa mama aliishi kwenye njia ya misafara inayotoka Ujiji, nusu siku kabla ya kufika Tabora. Siku moja alihamisha ua wake wa miiba, njia ikageuka ikapita katikati ya uwanja wake, na wapagazi hawakugundua. Miaka thelathini kila mzigo ulipita kwake. Alifungua, akalamba chumvi kidogo, akachovya kidole kwenye asali, kisha akafunga fundo lile lile la mwenye mzigo, na msafara ukaendelea mpaka pwani bila kulalamika. Mara moja ulipita msafara wa watu mia sita na tembo mmoja aliyejipeleka mwenyewe sokoni, pembe zake mdomoni, ili apate bei nzuri. Huyo naye babu alimlamba.

Levina akaacha kuandika. "Kufunga fundo lile lile," akasema. "Hapo ndipo penye ugumu, mama. Ukiacha kitu kimoja tu hakiko kama ulivyokikuta, kila kitu kinakwama."

Na kikakwama.

Jumanne nzima alibonyeza herufi na namba zisizo na maneno ndani yake, mstari baada ya mstari, akisoma kwenye daftari la Bruda lililopauka. Akiisha kumaliza anamwamsha mkazi, anafungua programu ya Bruda, anabonyeza kuchapa. Mashine inaganda. Kimshale kwenye kioo hakipepesi, kibodi haijibu. Anazima. Anawasha. Mashine inaanza kuhesabu kumbukumbu yake kutoka moja, polepole, kama mzee anayetafuta funguo mfukoni. Anaanza upya. Inaganda. Safari ya nne aligundua kuwa hakuwa amehifadhi kazi ya asubuhi yote, ikaenda na umeme. Alikaa akitazama ukuta. Nikampa karanga. Akazila bila kujua anakula nini.

Mchana akanituma Kanyenye kwa Mabruki, fundi redio, nikamletee disketi na kile kisanduku cha kuzisomea kwenye kompyuta za siku hizi. Mabruki ni mtani wangu, mzee wa miaka sitini.

"Mchumba wangu huyo!" akapiga kelele watu wote wakageuka. "Umenifuata mpaka kazini?"

"Nimefuata disketi. Wewe ningekutaka ningekuja ukiwa na meno."

Alikuwa nazo sita. Tatu alikuwa anawekea vikombe vya chai.

"Hizi zinafanya kazi?"

"Chai haijawahi kumwagika," akasema.

Kufika Jumatano saa nne, mkazi alikuwa anakaa bila kuigandisha mashine, na Levina akatabasamu kwa mara ya kwanza. Herufi zilikuwa zinaingia kwenye kitu alichokiita kikapu, nafasi ndogo ndani ya kumbukumbu ya kutosha watu kama ishirini. Kikapu kikijaa, mkazi anatakiwa akimwage kwenye disketi. Kikajaa. Mashine ikaganda.

Hapa pana jambo moja la kuelewa, na ndilo lililotutesa. Mkazi hawezi kuandika kwenye disketi peke yake. Lazima amwombe msimamizi wa mashine, ambaye ndiye mwenye funguo za disketi zote. Na msimamizi huyo, Levina anasema, ana kichwa cha jambo moja. Ukimwita akiwa katikati ya shughuli, anaiacha ile ya kwanza, anakuhudumia, na akirudi hakumbuki alikuwa wapi. Sasa fikiria: programu ya Bruda inamwita msimamizi achape, msimamizi anaita mlango wa printa, mlangoni yupo mkazi wetu, naye anamgeukia msimamizi yule yule aliyemtuma: niandikie disketi! Basi hapo kila mtu anamsubiri mwenzake, na mashine inakuwa jiwe.

"Hilo nalijua," Levina akasema, "limo kwenye daftari. Msimamizi ana alama yake. Akiwa na kazi alama iko juu, akimaliza inashuka. Nimeshamfundisha mkazi aulize kwanza kama msimamizi ana kazi. Akiambiwa ana kazi, asubiri."

"Na anauliza?"

"Anauliza!"

"Na inaganda?"

"Mama!"

Iliganda mara kumi na tisa siku hiyo. Nilikuwa naweka karanga moja pembeni kwa kila mara. Alibadilisha namba hii, akarudisha, akabadilisha ile. Alisoma ukurasa mmoja wa Bruda mpaka ukachanika kwenye mkunjo. Saa tisa alivua ndala akaitupa ukutani, ikarudi ikanipiga gotini.

Nami nikakosea. Nikasema, "Levina, waache. Watu wenyewe nusu wamekufa. Mimi mwenyewe jina langu la kitabu cha kwanza likipotea sitalia."

Akanigeukia polepole. "Wewe una sababu zako za kutolia," akasema. "Rudi nyumbani, mama."

"Unanifukuza?"

"Nakuomba. Kila nikifika katikati unaniuliza kitu."

Nikaondoka. Njia nzima nilimlaumu Bruda, nikailaumu mashine, nikawalaumu mchwa, na nilipomaliza wote nikabaki mimi, nikaona afadhali nianze tena kwa Bruda. Levina alirudi jioni, akala bila maneno, akalala.

Alhamisi asubuhi nilitaka kuoga. Bafu letu liko uani, la mabati, halina mlango. Aliyeingia hutundika kanga juu ya ukuta, na anayekuja akiiona kanga hugeuka. Hata kuku wa Ipuli wanajua hivyo. Niliiona kanga. Ilikuwa ile ya bluu ya Levina, inaning'inia nusu nzima upande wa nje. Lakini tulikuwa hatujazungumza toka jana, na mimi kimya cha mtu kinaniwasha. Nikasogea.

"Levina, umo? Unaoga?"

"Nao..." akaanza kujibu, na nikasikia kata inaanguka, ndoo inagonga bati, halafu kikohozi. Povu lilikuwa limemwingia mdomoni.

"Mama! Si umeiona kanga?"

"Nimeiona."

"Sasa unauliza nini? Si utazame tu! Ukiniuliza kama nina kazi lazima niache kazi nikujibu! Kuuliza kwenyewe ndiko..."

Akanyamaza. Maji nayo yakanyamaza.

"Levina?"

"Usiseme kitu," akasema. "Mama, nakuomba, usiseme kitu chochote."

Nikakaa kimya, jambo ambalo majirani wanaweza kulishuhudia maana halijatokea tena. Akatoka amejifunga ile kanga, povu limejaa kichwani, jicho moja limefumba.

"Anauliza," akasema. "Mkazi wangu anamuuliza msimamizi, je, una kazi? Na swali lenyewe ni wito, mama. Anamwita msimamizi aliye katikati ya shughuli ili amuulize kama yuko katikati ya shughuli. Ni wewe! Siku tatu nimeandika mtu kama wewe!"

"Asante."

"Kumbe napaswa kumuuliza mara moja tu, mwanzoni kabisa, kabla hajashika kazi yoyote: kanga yako huwa unaitundika wapi? Anionyeshe mahali, niandike. Toka hapo mkazi haulizi tena. Anatazama tu. Kanga ipo, anakaa na kikapu chake. Kanga haipo, anaingia."

Nikamwambia hata mimi nilikuwa najaribu kumfundisha hilo. Hakunisikia. Alikwenda ofisini na povu nyuma ya sikio.

Saa nne na nusu alimwamsha mkazi mpya. Akafungua kitabu cha kwanza. Akabonyeza kuchapa. Tulikaa. Namba kwenye kioo zikapanda: watu kumi, kumi na tano, ishirini. Kikapu kikajaa. Taa ya disketi ikawaka, ikanguruma kama paka aliyekanyagwa kwa mbali, ikazima. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

Levina hakushangilia. Alikunja mikono kwapani akaikaza hapo, kama anayeogopa kuigusa ile mashine.

Msidhani mateso yaliisha. Disketi ya kwanza ya Mabruki ilikuwa na duara la kikombe mpaka ndani. Vitabu viwili vikaandikwa juu yake na hakuna kilichosomeka. Akaanza upya kwa disketi nyingine. Alasiri umeme ukakatika tukiwa kitabu cha saba, ukakaa saa mbili, ukarudi, ikabidi kumwamsha mkazi tena na kuanza kitabu cha saba tangu ukurasa wa kwanza. Levina hakutukana. Alichofanya ni kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kuna mtu aliyemroga, na kama yupo ajitokeze tu wazungumze. Giza lilipoingia tukafunga ofisi, vitabu vinne vimebaki.

Ijumaa saa tano na dakika ishirini kitabu cha kumi na mbili kikafika mwisho. Revocatus alikuwa ameshaketi na muhuri wake kwenye kisanduku. Akaziingiza disketi, moja baada ya nyingine, kwenye kile kisanduku cha Mabruki. Miaka mitatu ya vidole vya mwanangu na siku nne za machozi ya ndani, akanakili kwa muda wa kupiga chafya.

"Ndogo hivi?" akasema. "Picha moja ya simu yangu ni kubwa zaidi."

Levina akasogea. Alisimama nyuma ya bega lake. "Teremka mpaka chini," akasema.

Akateremka. Faili liliishia kwa mtu wa namba elfu tisa mia nne na sita, tena katikati ya jina. Marselina Kab, halafu weupe.

"Sita hawapo," Revocatus akasema. "Si mbaya, mama. Kati ya elfu tisa! Sita tutawatafutia mashahidi."

Nilimwona Levina anavyotazama ule weupe baada ya Kab. Mdomo ulikuwa unahesabu, mia nne na saba, na nane, mpaka kumi na mbili. Mimi, ili nisimtazame, niliinama kutafuta pa kuchajia simu yangu. Kulikuwa na plagi moja tu ukutani. Nikaishika.

"Mama usiguse!"

Sijawahi kusikia sauti hiyo. Hata siku ile ya nane hakuitoa.

"Kikapu cha mwisho hakijajaa," akasema, akihema. "Mkazi anamwaga kikijaa. Sikumfundisha kumwaga nusu. Wale sita wamo ndani ya kikapu sasa hivi. Ukichomoa wanakwenda."

"Chapa kitabu cha kumi na mbili tena," Revocatus akasema.

"Kitabu kizima dakika arobaini. Wewe unafunga saa sita." Akatazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na tano. "Nahitaji watu wa kujazia tu. Kama kumi na wanne. Yeyote."

Akaketi. Akaivuta kibodi. Kisha akanigeukia, na katika uso ule uliochoka nikaona kitu nilichokiona siku mkunga alipompiga kofi.

"Levina," nikasema, "usifanye hivyo."

Akafungua kitabu cha kwanza. Programu ya Bruda inaweza kuchapa mtu mmoja ukiichagulia. Akachagua. Akabonyeza. Akachagua yule yule. Akabonyeza. Alihesabu kwa sauti, kidole kimoja kimoja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya kumi na nne taa ya disketi ikawaka, paka akanguruma, ikazima.

Revocatus akanakili upya. Akateremka mpaka chini, akasoma kwa sauti kama padri mwenye haraka. Marselina Kabula, mzima sasa. Watano wengine. Halafu: "Namba elfu tisa mia nne na kumi na mbili. Veridiana Inamahoro. Baba Justini Manirambona, mama Levina. Amebatizwa kwa dharura."

"Ndiyo," Levina akasema.

"Huyu ni..."

"Ndiyo. Endelea."

Akaendelea. "Veneranda binti Mathias, amezaliwa mwaka arobaini na tisa. Veneranda binti Mathias, amezaliwa mwaka arobaini na tisa. Veneranda..." Akaacha kusoma, akateremka, akateremka. Akanitazama. "Bibi, umebatizwa mara kumi na nne."

"Imani yangu ni kubwa."

"Na mwaka arobaini na tisa..." Alikuwa anapiga hesabu kichwani, nikaona midomo yake.

"Hiyo mashine imeharibika," nikasema. "Wiki nzima inaganda, hamjaona?"

Levina alikuwa ameinamisha paji la uso juu ya kibodi na mabega yanatikisika. Nilidhani analia, nikamwekea mkono mgongoni. Alikuwa anacheka, mwana huyu, mpaka akakosa pumzi, na kioo cha mashine kikajaa herufi moja iliyokuwa chini ya pua yake.

"Nizifute hizi kumi na nne?" Revocatus akauliza. "Zimebaki dakika nne."

Levina akainua kichwa. "Ziache," akasema. "Zote. Pale pale zilipo."

Akapiga muhuri.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo huko jimboni, anayetaka kubisha akaangalie. Ukurasa wa mwisho kabisa wa sajili ya zamani una mtoto wa siku nane, na chini yake bibi yake, mara kumi na nne, kama mtu aliyekataa kuondoka. Mashine bado iko ofisini. Levina hajamwondoa mkazi wake. Anasema amekaa vizuri, hamsumbui mtu, na hilo alilisema akinitazama.

Blanketi la Pasaka mwaka huu walimpa Advera wa Cheyo. Advera namjua toka tukiwa wadogo, na kama huyo amefika mia basi mimi niliona tembo wa babu. Nimemwambia Levina akatafute kwenye kile kitabu cha kwanza mwaka wa Advera. Anasema ana kazi. Nimesimama mlangoni hapa nikimtazama, sijamuuliza kitu, nasubiri ashushe kanga.